Viungio vya Kebo ya Redio: Somo la Mkono kabla ya Ubao

Katika vyuo vyetu somo la mawimbi ya redio hufundishwa aghalabu kwa ubao na chaki. Mwanachuo huchora mnara na duara zinazotoka kileleni mwake, huandika uhusiano wa urefu wa wimbi na masafa yake, hujibu mtihani, naye hufaulu. Kipo kipande kidogo cha chuma kati ya redio na kebo, na kingine kama hicho kati ya kebo na antena, ambacho hakichorwi ubaoni hata mara moja. Makala haya yanahusu kipande hicho, yaani kiungio, na namna tulivyojaribu kukifundisha kwa wanachuo wa fizikia na ufundi katika Nyanda za Juu za Kusini, upande wa Iringa na upande wa Mbeya.

Hatukuanza kukifundisha kwa busara yetu wenyewe. Mwaka 1988 kijana mmoja tuliyemfundisha alituandikia barua akituomba tumfikie kazini kwake. Alikuwa akitunza redio ya upepo ya kituo kimoja cha afya milimani, mahali ambapo wakati wa mvua gari hupita kwa taabu, na simu haikuwapo. Redio hiyo ndiyo iliyokuwa ikiita gari la wagonjwa kutoka hospitali. Tangu Desemba ilikuwa na tabia ya ajabu: alasiri zenye jua ilisikika vema, lakini asubuhi za mvua na ukungu ilikuwa bubu. Wenyeji walisema kwamba mawingu yanazuia sauti. Kijana wetu alibadili betri; akapeleka redio mjini, ikarejeshwa na maelezo kwamba ni nzima; akapima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena, na mita ikamwonyesha kuwa hali ni njema kuliko hata siku ile antena ilipofungwa. Wiki moja kabla hatujafika, mama mjamzito aliyekuwa akitokwa damu aliletwa kituoni alfajiri. Muuguzi aliita hospitali hadi saa tisa alasiri pasipo kujibiwa. Wanaume wa kijiji wakambeba mama kwa machela mpaka barabara kuu. Mama alipona, mtoto alizaliwa mfu.

Tuliteremsha antena. Katikati yake, mahali ambapo kebo huungana na nyaya mbili za antena, palikuwa na plagi iliyozungushiwa utepe mweusi wa umeme, na utepe ulikuwa umeachia kwa jua. Tulipofungua plagi tuliona kutu ya kijani. Kisha tukakata kebo upande wa chini, mezani kwa redio, umbali wa mita thelathini kutoka antena, na maji yakadondoka juu ya meza. Msuko wa shaba ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu. Kijana alitazama kwa muda, kisha akasema: “Mwalimu, hili hatukulisoma.” Alisema kweli. Katika karatasi ya njia za mawimbi yeye ndiye aliyekuwa amepata alama za juu kuliko wenzake wote, na karatasi hiyo tuliitunga sisi.

Tangu siku hiyo tuligeuza mpangilio wa somo. Zamani tulianza na nadharia na, muda ukibaki, tulionyesha plagi moja kutoka mbali. Sasa tunaanza na plagi mkononi mwa kila mwanachuo, na nadharia huingia pale anapoihitaji ili aeleze jambo aliloliona.

Kebo yenyewe hutangulia. Ni nyaya mbili zenye mhimili mmoja: waya wa kati, kihami kinachouzunguka, msuko wa shaba au wa alumini unaozunguka kihami, na gamba la plastiki nje ya vyote. Mwingereza Oliver Heaviside ndiye aliyepata hataza ya muundo huu mwaka 1880, kabla hata ya redio kuwapo. Uzuri wake ni kwamba wimbi husafiri katika nafasi iliyo kati ya waya wa kati na msuko, likiwa limefungiwa humo, wala halijali kama kebo inapita ukutani, juu ya bati au chini ya ardhi. Kiungio kizuri ni kile kinachoendeleza hali hiyo hiyo: kati ikutane na kati, msuko ukutane na msuko pande zote bila pengo, na nafasi iliyo baina yake isibadilike ghafla. Mwanachuo akielewa sentensi hiyo moja, aina zote za viungio zitamfungukia.

Hapa huja swali ambalo hatujapata kufundisha mwaka hata mmoja bila kuulizwa. Kebo ya televisheni imeandikwa omu 75. Mwanachuo huchukua mita, hupima kati na msuko, haoni kitu. Hupima waya wa kati kutoka mwisho hadi mwisho, huona omu moja au mbili tu. Basi omu 75 ziko wapi? Wenzetu wengine hujibu kwamba hiyo ni impedansi na kuliacha swali hapo. Sisi twaona kwamba jibu hilo ni sawa na kumfunga mtoto kinywa. Yafaa kumpa kisu na kipimo cha venia. Akiikata kebo ya aina ya RG-6, ambayo sasa yapatikana katika kila duka la vifaa vya televisheni, atakuta waya wa kati una kipenyo cha milimita 1.0 hivi, na kihami chake cha povu kina milimita 4.6 hivi. Agawanye ya pili kwa ya kwanza, achukue logi ya jibu, ambayo ni 0.663, aizidishe kwa 138, atapata takriban 91.5. Namba hiyo ingekuwa impedansi ya kebo kama kihami kingekuwa hewa tupu. Kwa kuwa ni povu la plastiki, na wimbi ndani yake huenda kwa kasi ya takriban 0.82 ya kasi ya nuru, azidishe tena kwa 0.82. Jibu ni 75. Tumeona wanachuo wakirudia hesabu hiyo mara tatu kwa mshangao, kwani namba iliyochapishwa juu ya gamba imetoka katika vipimo walivyovichukua kwa mikono yao. Impedansi si kitu kilichofichwa ndani ya waya; ni umbo la kebo pamoja na kihami chake. Kwa hiyo kiungio kikilibadili umbo hilo, impedansi nayo hubadilika mahali hapo.

Zamani tulianza na plagi kubwa ya redio ya upepo. Siku hizi tunaanza na kile ambacho mwanachuo amekiona nyumbani. Urushaji wa televisheni kwa njia ya zamani ulizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Mbeya ikafika mwaka 2013; ving'amuzi vikaingia katika nyumba nyingi, na pamoja navyo kiungio cha aina ya F. Mwanachuo anayetoka Mwanjelwa au Kihesa huenda hajapata kuona redio ya upepo maishani mwake, lakini plagi ya F ameifunga na kuifungua mwenyewe mara nyingi, tena kwa meno.

Kiungio cha F kilibuniwa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Eric Winston wa kampuni ya Jerrold, kwa ajili ya televisheni za kebo. Ni cha omu 75, na bei yake ni ndogo mno. Siri ya unafuu huo twapenda wanachuo waivumbue wenyewe: tunawapa plagi ya F na plagi nyingine yoyote, tunawauliza ni nini kinachokosekana. Hupita muda kabla mmoja hajasema kwamba plagi ya F haina pini. Naam, pini yake ni waya wa kati wa kebo yenyewe, unaochomoza milimita chache mbele ya ukingo wa plagi na kuingia moja kwa moja ndani ya soketi. Kwa hiyo ubora wa kiungio hiki umo mikononi mwa aliyekata kebo. Waya ukiwa mfupi hautagusa. Ukiwa mrefu utaitanua soketi. Na unywele mmoja wa msuko ukiinama na kuugusa waya wa kati, kwenye mfumo wa dishi utaunganisha njia ya umeme wa volti 13 au 18 ambao king'amuzi hupeleka juu kwenda kwenye kichwa cha dishi, na king'amuzi chaweza kuharibika. Plagi za F za kuzungusha kwa mkono ndizo zinazouzwa zaidi madukani mwetu. Zile za kubinywa kwa koleo maalumu ni imara zaidi na huzuia maji vema, lakini koleo lenyewe ni ghali, na chuo chenye koleo moja kitalazimika kulizungusha darasani.

Katika kipindi hiki tunaleta sumaku. Mwanachuo akiusogeza waya wa kati wa kebo nyingi za televisheni karibu na sumaku, waya unaorembeka kwa rangi ya shaba huvutwa. Darasa hulia kwamba tumepunjwa na mwenye duka! Twawaacha walalamike kidogo. Ukweli ni kwamba waya ni wa chuma cha pua kigumu au feleji uliopakwa shaba, na kwa mawimbi ya televisheni hauna kasoro, kwa kuwa mkondo wenye masafa makubwa haupiti katikati ya waya bali hujikusanya kwenye ngozi yake. Kwa megahezi 1,000 tabaka hilo ndani ya shaba ni kama sehemu mbili za elfu ya milimita. Hata hivyo umeme wa kwenda kwenye kichwa cha dishi si wimbi. Huo hupita katika waya mzima, na chuma huukinza kuliko shaba. Ndiyo sababu dishi lililo mbali na nyumba, kwa kebo ndefu ya namna hii, huweza kukataa baadhi ya chaneli ingawa viungio vyote vimefungwa sawasawa. Basi malalamiko ya darasa yana nusu ya haki, na ni vizuri mwalimu akiri hivyo.

Pamoja na F yatajwe kwa ufupi plagi ya antena ya kusukuma, ile laini isiyo na hesi ambayo imo nyuma ya televisheni nyingi. Ilitoka Uingereza, kwa kampuni ya Belling & Lee, katika miaka ya 1920. Inatosha kusema kwamba yafaa ndani ya nyumba tu.

Baada ya hapo twaenda kwenye plagi iliyotushinda mwaka 1988. Mafundi huijua kwa namba yake, PL-259, na soketi yake ni SO-239. Ilitengenezwa katika miaka ya 1930 na kampuni ya Kimarekani ya Amphenol, na ikaitwa kiungio cha UHF, yaani cha masafa makubwa mno, kwa kuwa siku hizo masafa yoyote yaliyopita megahezi 30 yalihesabiwa makubwa mno. Jina limebaki, maana imehama. Siku hizi UHF ni megahezi 300 hadi 3,000, na huko ndiko plagi hii isikofaa kabisa. Mwalimu asipoeleza hitilafu hiyo ya jina, mwanachuo makini atachagua plagi mbaya kwa sababu ya umakini wake.

Kwa nini haifai? Ndani yake umbo halikulinganishwa na kebo, kwa hiyo kwa urefu wa sentimita nne hivi impedansi huwa nyingine. Tunawapa wanachuo hesabu ya urefu wa wimbi. Kwa redio ya upepo ya megahezi 7, wimbi ndani ya kebo ya kihami kigumu lina urefu wa mita 28. Sentimita nne mbele yake ni kama jiwe dogo mbele ya gurudumu la trekta, wimbi halitambui. Kwa megahezi 2,000, ambazo ndizo hupita katika kebo ya dishi, wimbi ndani ya kebo hiyo hiyo ni sentimita 10 tu, na sentimita nne ni karibu nusu yake. Jiwe limekuwa mlima. Kwa sababu hiyo si sahihi kusema kwamba PL-259 ni mbovu, kama tulivyosikia baadhi ya wenzetu wakifundisha. Kwa redio za masafa ya chini ni imara, hubeba nguvu nyingi, na fundi aweza kuilehemu kijijini.

Kulehemu huko kwataka kipindi kizima. Msuko hulehemiwa kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa plagi, na mwili wa plagi ni chuma kinene. Chuma cha kulehemu kikiwa kidogo, mwanachuo atashikilia dakika nzima akingoja risasi iyeyuke, na katika dakika hiyo kihami cha ndani kitakuwa kimeyeyuka kwanza na waya wa kati umesogea pembeni. Chuma kikubwa chenye moto mwingi, kwa sekunde chache, ndicho kifaacho. Mahali pasipo na umeme tumetumia kipande cha shaba nene chenye mpini wa mbao, kilichopashwa katika jiko la makaa, na kazi yake ilishinda ile ya vyuma vidogo vya umeme. Kila mwanachuo alehemu plagi tatu. Ya kwanza huharibika karibu kwa wote, ndiyo maana twatumia mabaki ya kebo tunayoomba kwa mafundi wa mjini. Kisha wapime kwa mita: kati na kati pawe na njia, kati na msuko pasiwe na njia.

Lakini mita hiyo isipewe heshima isiyostahili. Hupima kwa umeme wa betri, wala haijui lolote kuhusu wimbi. Kebo iliyokunywa maji huweza kupita kipimo hicho bila shaka yoyote.

Twafika kwenye swali la yule kijana: kwa nini hata mita ya mawimbi yanayorudi ilimdanganya? Tunalifundisha kwa mfano wa wati. Tuseme redio inapeleka wati 100. Kebo iliyooza inakula 90 njiani; 10 zinafika juu. Tuseme tena kwamba antena imekatika kabisa na inazirudisha zote 10. Zikishuka, kebo inakula sehemu tisa katika kumi kama ilivyofanya mwanzo, nayo mita iliyo mezani inaona wati 1 tu imerudi kati ya 100 zilizokwenda. Mita inasema mambo ni mazuri sana. Kwa hakika kebo mbovu huifanya mita ifurahi. Kijana alisoma mita yake sawasawa. Hakuwa ameambiwa kwamba kipimo kilichokuwa bora ghafla, bila mtu kugusa kitu, chapasa kushukiwa kuliko kilichoharibika.

Na maji yalifikaje mita thelathini chini? Kwa njia ile ile mafuta yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Msuko ni nyuzi nyembamba zilizobanana. Maji yakipata ufa mmoja kwenye plagi huingia kati ya nyuzi hizo na kuvutwa, na hapa yalisaidiwa na uzito wake. Plagi ya PL-259 haina pete ya mpira ya kuyazuia. Ikiwekwa nje haina budi kufungwa kwa utepe wa mpira, ule unaovutwa ukajigandamiza wenyewe kuwa kitu kimoja, na juu yake utepe wa umeme wa kuukinga na jua, ukizungushwa kutoka chini kwenda juu ili mikunjo ipokezane maji kama nyasi za paa. Kebo nayo, kabla haijaingia nyumbani, ishushwe kitanzi ili matone yadondoke hapo nje. Mambo haya hayamo katika mihutasari ya masomo tuliyopata kuitumia. Yameachwa kwa mafundi, na mafundi wakayaacha kwa walimu.

Viungio vilivyobaki havihitaji muda mrefu hivyo. Kiungio cha N kilitokea katika miaka ya 1940 kwa kazi ya Paul Neill wa maabara za Bell nchini Marekani, na herufi ni ya jina lake. Hiki kina umbo linaloendeleza kebo sawasawa, kina pete ya mpira, na hufika gigahezi 11. Kama kituo kile kingekuwa na antena ya N, yumkini tusingaliitwa. Tahadhari moja: ipo N ya omu 50 na N ya omu 75, na pini zake hazina unene mmoja. Plagi ya 50 ikilazimishwa katika soketi ya 75 huitanua soketi isifae tena, na kwa macho zafanana.

BNC ndicho kiungio cha maabara, kimo mbele ya kila osiloskopu. Herufi zake ni za neno la Kiingereza lenye maana ya singe, pamoja na majina ya Neill na mwenzake Carl Concelman. Wanaosema kwamba ni kiungio cha jeshi la majini la Uingereza wamebuni. Hufungwa kwa kusukuma na kuzungusha robo duara. Wanachuo huelewa mara moja tukiwaletea balbu ya pini mbili, ila wataje tofauti: kwenye balbu pini zimo katika kile kinachoingizwa, kwenye BNC zimo ubavuni mwa soketi. Kaka yake, TNC, ni yeye yule akiwa na hesi mahali pa singe, hivyo hastuki kwa mtikisiko wa gari.

Kiungio kidogo chenye rangi ya dhahabu kinachoonekana kwenye redio za mkononi na vifaa vya intaneti ni SMA, cha omu 50, kifikacho gigahezi 18. Hapa mwalimu ajihadhari na lugha ya dume na jike. Mafundi huitumia, nasi hatuikatai, lakini kwenye vifaa vya intaneti ipo aina ambayo pini imehamishwa upande wa pili kwa makusudi, na darasa litabishana saa nzima lipi ni lipi, kwa vicheko ambavyo havina uhusiano na fizikia. Tumeona yafaa kusema plagi na soketi, na kueleza pini iko wapi na hesi iko wapi.

Kwenye minara ya simu kipo kiungio kinene kiitwacho 7/16. Tunakipenda kwa sababu jina lake ni somo. Namba hizo ni milimita: kipenyo cha kipitishio cha ndani ni 7, na cha kile cha nje ni 16. Mwanachuo agawanye 16 kwa 7, achukue logi, azidishe kwa 138, na kwa kuwa kati yake ni hewa asizidishe tena. Atapata 49.5, yaani zile omu 50 za redio. Mwaka mmoja mwanachuo aliyekuwa amekaa nyuma alifanya hesabu hiyo kabla hatujamwambia, kwa jina peke yake, na hatukumwuliza swali jingine mtihanini kuhusu impedansi.

Kuhusu kuunganisha omu 50 na omu 75, twaona walimu wengi wanawatisha wanafunzi kupita kiasi. Tofauti ya namba hizo ni 25, jumla ni 125, uwiano ni 0.2, na mraba wake ni 0.04. Basi asilimia nne ya nguvu hurudi. Si vizuri, wala si msiba. Kwa kamba mbili za katani, nene na nyembamba, zilizofungwa pamoja, darasa huona kwa macho mshituko mdogo ukirudi kutoka kwenye fundo na mkubwa ukiendelea mbele. Wakiifunga ncha ukutani huona wote ukirudi. Hatari ya ukutani ndiyo ya waya uliokatika. Kati ya makosa tuliyoyakuta katika safari zetu za kuwatembelea wanachuo kazini, tofauti ya omu haikuzidi mara moja au mbili. Mengine yote yalikuwa maji, msuko usioshikamana, na plagi iliyolegea.

Ni wajibu kuwakumbusha wanachuo mambo mawili. Kupeleka mawimbi hewani bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ni kosa, hata kwa nia ya kujifunza. Mazoezi yetu yote ni ya kupokea na kupima. Na radi ikianza kuunguruma, mtu asiguse kebo yoyote itokayo nje. Kebo ichomolewe mapema, wingu likiwa bado mbali.

Tunamaliza mwaka kwa zoezi ambalo halina hesabu. Mwezi Novemba, mvua zinapoanza, wanachuo hufunga plagi kwenye vipande vitatu vya kebo vyenye urefu wa mita moja. Kimoja huachwa wazi, kimoja huzungushiwa utepe wa umeme peke yake, kimoja hufungwa kwa utepe wa mpira na wa umeme juu yake. Huning'inizwa nje, plagi zikielekea juu, navyo huachwa hadi mwisho wa Aprili. Mwenzetu mmoja aliye upande wa Tukuyu, ambako mvua ni nyingi mno kuliko Iringa mjini, hufanya hivyo hivyo, nasi hubadilishana vipande na kuvipasua mbele ya darasa kwa kisu. Mara ya kwanza kipande cha Iringa kilichoachwa wazi kilikuwa na kijani kwenye hesi na upana wa vidole viwili tu wa msuko uliofifia. Cha Tukuyu kilikuwa cheusi kwa shubiri nzima. Jambo lililotushangaza ni kile cha utepe wa umeme peke yake: huko Tukuyu kilikuwa kibaya kuliko kilichoachwa wazi, kwani utepe ulioachia upande mmoja ulikuwa umeyafungia maji ndani yasikauke. Vile vya utepe wa mpira vilikuwa vinang'aa mahali pote pawili.

Wanachuo wawili wa mwaka huu hawajaridhika. Wanashikilia kwamba mafuta ya mgando yaliyojazwa ndani ya plagi yangetosha bila utepe wowote. Novemba ijayo vipande vitakuwa vinne.